Kutengua Si Kubatilisha

Viko vitenzi viwili vya Kiingereza ambavyo humsumbua sana mwanafunzi wa sekondari. Kimoja ni "revoke", na cha pili ni "rescind". Ukifungua kamusi kutafuta maana ya cha kwanza, aghalabu utaelekezwa kwenye cha pili. Ukikifuata cha pili utarudishwa kwa cha kwanza. Mwisho wake mwanafunzi hufunga kamusi na kuandika katika daftari lake kwamba yote mawili maana yake ni "kufuta uamuzi", kisha akaendelea na somo jingine.

Mimi nasema kwamba jambo hili si dogo, wala si la mtihani tu. Kila siku hapa kwetu uamuzi fulani hutolewa na kisha huondolewa: leseni hutolewa na kuondolewa, cheo hupewa mtu na kuondolewa, mkataba hufungwa na kufunguliwa, mbunge hutangazwa mshindi na baadaye mahakama ikasema sivyo. Asiyejua kwamba uamuzi waweza kuondolewa kwa njia mbili mbalimbali, huyo hatajua haki yake imesimama wapi.

Tuanze na asili ya maneno yenyewe. Yote mawili yametoka katika Kilatini. La kwanza latokana na neno lenye maana ya kuita kitu kirudi. La pili latokana na neno lenye maana ya kukata au kupasua. Sasa fikiri mtumbwi uliokwenda ziwani usiku kuvua dagaa. Mwenye mtumbwi akisimama ufuoni na kuita, "Rudini!", mtumbwi utarudi; lakini hakuna atakayesema kwamba haukuwako majini. Ulikuwako, na samaki waliomo ndani ni samaki kweli. Huko ndiko kuita kirudi. Lakini mti ukikatwa shinani, matawi yote na majani yote huanguka pamoja nao. Huko ndiko kukata.

Basi, tofauti ni hii. Njia ya kwanza huondoa uamuzi kuanzia leo kwenda mbele. Yaliyofanyika jana chini ya uamuzi ule yanabaki na nguvu yake. Njia ya pili huondoa uamuzi tangu mwanzo wake. Husema kwamba uamuzi ule haukuwa na nguvu hata siku moja, na kwa hiyo yaliyojengwa juu yake hayana msingi.

Wako watakaosema kwamba ubishi huu ni wa Waingereza na lugha yao, nasi haututoi jasho. La, hasha! Kiswahili kinayo tofauti hiyo hiyo, tena kinayo kwa uwazi zaidi. Tuna kutengua, ambako wazee wengi hukuita kutangua, na tuna kubatilisha, yaani kukifanya au kukitangaza kitu kuwa batili. Mzee yeyote wa Ujiji aliyepita chuoni atakueleza bila ya kufungua kamusi. Mtu ametia udhu, akasali adhuhuri. Baada ya sala akalala usingizi mzito. Udhu wake umetenguka. Je, sala yake ya adhuhuri imeharibika? Haikuharibika. Udhu ulikuwapo wakati aliposali. Umekwisha baadaye, na linalompasa ni kutia udhu mwingine kwa ajili ya sala ijayo. Lakini mtu mwingine amesimama akasali, kisha akakumbuka kwamba hakuwa na udhu tangu mwanzo. Huyo sala yake ni batili. Hawezi kusema, "Lakini nilisujudu na kurukuu kama wenzangu." Yampasa airudie. Watu wawili walisimama safu moja, wakasema maneno mamoja. Mmoja sala yake imesimama na wa pili haikusimama. Neno lililowatenga ni hilo: limetenguka, au lilikuwa batili?

Ndoa nazo ni vivyo hivyo. Mume na mke wakiachana kwa talaka, ndoa yao imekwisha, lakini hakuna asemaye kwamba haikuwako. Bali ikigunduliwa kwamba mume na mke walinyonya ziwa la mama mmoja walipokuwa wachanga, talaka haina kazi hapo, maana hapakuwa na ndoa ya kuachwa. Waislamu wa mji wetu wanalijua hilo tangu zamani, wala hakuna aliyewafundisha Kilatini.

Tuje kwenye sheria ya nchi. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ilianza kutumika mwaka 1961, ikachukua mahali pa sheria ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika hapa, na sehemu kubwa ya maneno yake yalirithiwa kutoka huko. Katika sheria hiyo vile vitenzi viwili vya Kiingereza vimegawiwa kazi mbalimbali. Cha kwanza hutumika kwa mtu aliyetoa pendekezo la kuuza au kununua, kisha akaliondoa kabla mwenziwe hajalikubali. Cha pili hutumika kwa mtu aliyekwisha kufunga mkataba, kisha akauvunja tangu shina kwa sababu alidanganywa au alilazimishwa. Na huyu wa pili sheria humpa sharti: ikiwa umepata faida katika mkataba huo, irudishe kwa uliyeipata kwake, kadiri inavyowezekana.

Tazama namna sharti hilo lilivyo la haki. Tuseme mfanya biashara wa Kibirizi amwambia mvuvi, "Nitakuuzia mashine hii ya mtumbwi." Kabla mvuvi hajajibu, mwenye mashine asema, "Nimeghairi." Hapo ameondoa neno lake, na hakuna wa kumdai mwenziwe, kwani hakuna kilichobadili mkono. Lakini tuseme wamekwisha uziana. Mvuvi ametoa fedha na kuichukua mashine akiambiwa ni mpya, kumbe ni kuukuu iliyopakwa rangi. Mvuvi akiuvunja mkataba kwa ajili ya udanganyifu huo, yeye atairudisha mashine, na muuzaji atazirudisha fedha. Kila mmoja arudi aliposimama kabla ya biashara. Mvuvi asiyejua tofauti hii aweza kuambiwa, "Haya, biashara yetu imekwisha kuanzia leo," naye akaenda zake mikono mitupu, akidhani ametendewa haki.

Leseni nayo yataka uangalifu. Mvuvi wa Katonga akipewa leseni kwa njia halali, kisha akavunja masharti na leseni yake ikatenguliwa, migebuka aliyovua na kuuza kabla ya siku hiyo ilikuwa yake kwa halali. Lakini ikithibitika kwamba leseni yenyewe aliipata kwa hati za uongo, ikabatilishwa tangu mwanzo, basi jambo ni zito zaidi, maana yaelekea alikuwa akivua bila leseni muda wote.

Tena iko njia ya tatu ambayo si ndugu wa hizo mbili, nayo ni kusitisha. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makusudi ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaana na kukua, kwa kufuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kusitisha si kutengua wala si kubatilisha. Haki ya mvuvi ililazwa usingizi, haikufa. Miezi mitatu ilipokwisha iliamka yenyewe. Anayesema kwamba wavuvi "walifutiwa" haki ya kuvua miezi ile, asema jambo ambalo halikutendeka.

Sasa niseme juu ya mfano mkubwa uliotokea katika mji wetu wenyewe. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kigoma Mjini. Mgombea wa Chama cha Mapinduzi alitangazwa mshindi. Mpinzani wake, Dakta Aman Walid Kabourou wa CHADEMA, hakuridhika, akaenda Mahakama Kuu. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba Radio Tanzania, redio ya umma iliyopaswa kuwatendea wagombea wote sawa, ilitangaza habari kwa kumpendelea mgombea wa chama kilichotawala. Mahakama Kuu iliubatilisha uchaguzi ule. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, nayo ikauthibitisha uamuzi huo. Hukumu yake imechapwa katika vitabu vya hukumu za Tanzania vya mwaka 1996, na hata leo wanasheria huitaja wanapojadili wajibu wa vyombo vya habari vya umma wakati wa uchaguzi. Dakta Kabourou mwenyewe aliingia Bungeni kwa uchaguzi mkuu wa mwaka 1995.

Fikirini maana ya neno walilolitumia. Mahakama haikusema kwamba mbunge amefanya kosa akiwa Bungeni na kwa hiyo aondoke. Ilisema kwamba uchaguzi uliompeleka huko haukuwa uchaguzi sawasawa tangu mwanzo. Kosa halikuwa kwenye kiti; lilikuwa kwenye njia iliyopitwa kukifikia. Mpiga kura wa Mwanga au wa Gungu hakuambiwa, "Uliyemchagua ameharibika." Aliambiwa, "Hukupewa nafasi ya kuchagua kwa haki." Hayo ni maneno mawili mbalimbali kabisa, na la pili lina heshima kubwa kwa mpiga kura.

Lakini magazeti yetu, katika mashauri ya namna hii, hupenda kuandika kwa herufi kubwa: "Mahakama yatengua ubunge." Hapo ndipo ninapogomba. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi wa Godbless Lema katika jimbo la Arusha Mjini. Watu wengi walisoma kwamba ubunge wake "umetenguliwa", wakadhani kwamba amevuliwa cheo kama mtumishi avuliwavyo. Baadaye mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliuondoa uamuzi ule wa Mahakama Kuu, naye Bwana Lema akarudi katika kiti chake bila kupiga kura upya. Wako waliostaajabu: amerudije bila uchaguzi? Jibu ni rahisi kwa anayejua tofauti ya maneno. Uamuzi ulioubatilisha ushindi wake umeondolewa tangu shina. Basi ushindi ule wa mwaka 2010 ulibaki umesimama, wala hapakuwa na kiti kitupu cha kugombewa.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilitangaza kwamba uchaguzi wa rais wa mwezi Agosti ulikuwa batili. Haikusema kwamba ushindi umekoma siku ile. Ilisema haukuwapo kwa mujibu wa sheria. Ndiyo maana taifa zima lililazimika kurudi kwenye vituo vya kura tarehe 26 Oktoba mwaka huo. Sala iliyokosa udhu hurudiwa.

Upande wa pili liko neno tulisikialo mara kwa mara redioni: Rais ametengua uteuzi wa fulani. Hapa neno limetumika mahali pake hasa. Mkuu wa wilaya aliyetenguliwa uteuzi wake alikuwa mkuu wa wilaya kweli hadi siku ile. Barua alizotia sahihi jana ni barua halali, na mshahara aliolipwa kwa kazi aliyoifanya ni haki yake. Tena kutenguliwa peke yake hakumwambii msikilizaji kwamba mtu huyo ameiba au amefanya aibu. Aliyempa kazi amemwita arudi, basi. Lakini barazani, mara tu habari isikikapo, watu husema "ametumbuliwa", na watoto wa mtu huyo shuleni huanza kuchekwa. Ulimi umeongeza hukumu ambayo haikutolewa. Kama lipo kosa, lithibitishwe kwa njia yake. Lisikisiwe kutokana na kitenzi.

Nina neno pia juu ya kitenzi "kufuta", ambacho twakitumia kwa kila kitu. Kufuta ni kazi ya kitambaa ubaoni: ukimaliza, hakuna ajuaye palikuwa pameandikwa nini. Twasema sheria fulani imefutwa. Lakini Sheria ya Tafsiri ya Sheria, iliyo Sura ya 1 katika sheria zetu, yaeleza kwamba kuondolewa kwa sheria hakubadili yale yaliyokwisha kufanyika chini yake, wala hakuondoi haki iliyokwisha kupatikana, isipokuwa kama kusudio jingine limeonekana. Kumbe sheria "iliyofutwa" haikufutwa kama chaki, imetenguliwa. Mtu akidanganywa na sura ya neno, aweza kukata tamaa ya kudai haki ambayo bado anayo.

Mfano wangu wa mwisho ni mzito kuliko yote, nao uko mlangoni petu. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa miaka mingi: wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na baadaye, na wa Kongo waliokuja kwa wingi mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa. Hadhi ya ukimbizi yaweza kuondoka kwa njia tatu, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi huzitenga kwa uangalifu. Ikionekana kwamba mtu hakustahili tangu siku alipopokewa, mathalan alificha jambo kubwa lililomhusu, hadhi yake hubatilishwa. Ikiwa alistahili alipopokewa lakini baadaye akatenda maovu makubwa mno, kama uhalifu wa kivita, hadhi yake hutenguliwa. Na ikiwa hali ya kwao imebadilika kabisa, ikawa salama kwa namna ya kudumu, au amepata uraia wa nchi nyingine inayomlinda, hadhi yake hukoma tu, bila lawama yoyote.

Njia tatu hizo, ndugu msomaji, mwisho wake ni mmoja: mtu si mkimbizi tena. Lakini ya kwanza yasema hakustahili kupokewa. Ya pili yasema alistahili akajiharibia. Ya tatu yasema yeye ni mtu mwema ambaye shida yake imekwisha. Je, ni sawa kuwaita watu hao watatu kwa neno moja? Mama aliyekimbia akiwa na mtoto mgongoni, akakaa miaka mingi kwa amani, kisha kwao kukatulia, hapaswi kubeba neno la mwongo wala la muuaji.

Naujua ubishi utakaoletwa. Mwenzangu atasema kwamba Waingereza wenyewe huvichanganya vitenzi vyao, na kwamba halmashauri zao hutumia "rescind" kwa azimio ambalo wanaliondoa kuanzia leo tu. Ni kweli. Atasema tena kwamba hata kitu kikibatilishwa, si kila jambo laweza kurudishwa: maji yakimwagika hayazoleki. Hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana sheria ya mikataba yasema "kadiri inavyowezekana". Lakini kosa la jirani si ruhusa yetu ya kukosa. Kama Waingereza wana shoka mbili na hutumia yoyote iliyo karibu, hiyo haituzuii sisi kuchagua iliyo na makali. Na kama maji yaliyomwagika hayazoleki, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kujua ni nani aliyeyamwaga na ni nani wa kulipa mtungi.

Wala sisemi kwamba neno peke yake litamaliza kila shauri. Wanaoandika barua za serikali na magazeti hawatabadilika kwa siku moja kwa sababu ya kurasa hizi. Kwa hiyo msomaji asitegemee kitenzi tu. Aulize maswali matatu kila aambiwapo kwamba uamuzi umeondolewa. La kwanza: umeondolewa tangu lini, tangu leo au tangu mwanzo? La pili: ni nani aliyeuondoa, na je, ana uwezo huo? Maana aliyeteua aweza kutengua, lakini kutangaza uchaguzi wa mbunge kuwa batili ni kazi ya mahakama. La tatu: yaliyofanyika katikati yamekuwaje, na je, kipo kitu cha kurudishwa?

Maswali hayo hayahitaji wakili. Mkulima wa Kasulu aweza kuyauliza mbele ya baraza la kijiji, mvuvi aweza kuyauliza mwaloni, na mwanafunzi aweza kuyauliza anaposoma historia na uraia. Aliye na maswali hayo hatafukuzwa penye haki yake kwa barua ya mistari miwili.

Nasi wanafunzi tuna wajibu wa pekee. Sisi ndio makarani, walimu, wanasheria na watangazaji wa kesho. Tukitoka hapa bila kujua tofauti ya kutengua na kubatilisha, tutaandika barua zitakazowachanganya watu ambao hawakupata nafasi ya kusoma kama sisi. Basi tujizoeze tangu sasa, katika insha zetu na katika midahalo yetu. Kilichokuwapo kikakomeshwa, tuseme kimetenguliwa. Ambacho hakikuwa na nguvu tangu mwanzo, tuseme ni batili. Kilicholazwa kwa muda, tuseme kimesitishwa. Na neno "kufuta" tuliachie ubao, ambako limefanya kazi njema miaka yote.